Kampuni kubwa imetoa programu kama yako: mwongozo kamili kwa mbunifu wa Dar es Salaam

Kijana alikuja na laptopu na folda ya bluu, tukakaa kwenye kibanda cha chai pale Sayansi, mwendo mfupi kutoka jengo la COSTECH. Chai haijafika mezani alishasema mara tatu: "Kaka, wameniibia hataza yangu." Nikamwuliza namba ya hataza, yaani ile haki ya kisheria (kwa Kiingereza "patent") inayomruhusu mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake. Hana. Tarehe ya maombi? Hakuwahi kuomba. Alichokuwa nacho ni programu aliyoiandika mwenyewe kwa miezi kumi na minne, slaidi alizowaonyesha watu wa kampuni moja kubwa kwenye shindano la wabunifu, na picha ya skrini ya huduma mpya ya kampuni hiyo, inayofanana na yake mpaka rangi ya kitufe.

Hakuwa mjinga. Karibu kila anayenijia na kesi ya namna hii huanza na neno ambalo si lake, na neno hilo lina gharama. Ukiandika barua ya kudai hataza usiyokuwa nayo, mwanasheria wa upande wa pili anagundua kwa dakika tano. Kuanzia hapo hata dai lako la kweli linasomwa kama porojo.

Mimi ni mwandishi wa programu, si wakili. Ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa kuungua mwenyewe, kisha kwa kukaa na wengine walioungua. Yatakusaidia ufike kwa wakili ukiwa na mafaili yaliyopangwa na maswali ya maana, maana saa ya wakili inalipiwa, na saa ya kupanga karatasi nyumbani ni ya bure.

Hatua ya kwanza: jua unachomiliki

Kuna vitu vinne ambavyo watu huvichanganya: wazo, msimbo, siri na hataza. (Msimbo ni yale maandishi ya maagizo kwa kompyuta. Mafundi wenyewe wanauita "kodi", lakini neno hilo TRA walishalichukua, kwa hiyo nitasema msimbo.)

Wazo halina mwenyewe. "Programu ya kuwaunganisha wenye bajaji na abiria" ni wazo, na kesho watu kumi wanaweza kulijenga bila kukuuliza. Linauma, lakini ndivyo ilivyo karibu dunia nzima.

Msimbo ni wako tangu ulipouandika, kama kitabu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta bila sharti la kusajili. Ukisajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unajiongezea ushahidi. Ila hakimiliki inalinda maandishi, hailindi kazi inayofanywa na maandishi hayo. Kampuni ikikaa chini na mafundi wake, ikaandika upya kila mstari bila kuugusa msimbo wako, hakimiliki haina cha kukusaidia hata kama matokeo kwenye skrini ni yale yale. Hapo ndipo kijana wangu alipokwama: msimbo wake haukuwahi kutoka kwenye kompyuta yake. Kisichotoka hakiwezi kunakiliwa.

Siri ni kile ulichomwambia mtu kwa makubaliano, ya maandishi au ya kuonekana kwa mwenendo, kwamba asikitumie bila wewe. Ahadi inaingia humu pia. Nitarudi hapa, kwa sababu kesi nyingi za Dar zinaangukia humu.

Hataza ndiyo pekee inayoweza kumzuia mtu kutumia njia uliyoivumbua hata kama hajawahi kukusikia. Kwa sababu ina nguvu kiasi hicho, haipatikani kirahisi. Tanzania Bara inashughulikiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Zanzibar wana sheria yao na wakala wao. Uvumbuzi lazima uwe mpya, uwe na hatua ya kiuvumbuzi ambayo fundi wa kawaida asingeiona mara moja, na uweze kutumika viwandani. Na sheria yetu inazitoa nje nadharia za kihisabati, mipango na njia za kufanya biashara, kazi za akili tupu, sheria za michezo, na uwasilishaji mtupu wa taarifa. Ukiyasoma hayo taratibu utaona kwamba programu nyingi tunazoziita uvumbuzi ni njia za kufanya biashara zilizovalishwa skrini.

Hataza ina mipaka ya nchi

Hakuna hataza ya dunia. Hili nalirudia kila wiki. Hataza ya BRELA haina nguvu California, na hataza ya Marekani haina nguvu Kariakoo. Ukipitia ARIPO, shirika la kikanda la hataza na haki za namna hiyo lililoko Harare, kwa ombi moja unaweza kuziteua nchi kadhaa za Afrika zilizoridhia Itifaki ya Harare, Tanzania ikiwemo. Ukipitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza unapata muda wa kuchagua nchi, lakini mwisho wa siku kila nchi inaamua na kukutoza ada yake.

Kwa hiyo unapoiona huduma inayofanana na yako, jiulize: inatumika wapi, seva ziko wapi, na mimi nina haki katika nchi ipi kati ya hizo? Nimewahi kumwona bwana mmoja mwenye hataza halali kabisa ya hapa nyumbani akikusanya nauli ya kwenda kumshtaki mtu Marekani. Nauli ile ingemsaidia zaidi kama ingelipa ada za ombi la kule miaka minne kabla.

Ofisi ya Hataza ya Marekani ina ombi la awali ambalo halichunguzwi. Linakushikia tarehe tu kwa miezi 12. Mvumbuzi wa kipato kidogo aliyetimiza masharti yao hupunguziwa ada kwa asilimia 80, na ombi hilo la awali likawa chini ya dola 100. Miezi 12 hiyo hiyo ndiyo unayopewa chini ya Mkataba wa Paris ukianzia BRELA na kutaka kuendelea nje. Ikipita, imepita.

Na kabla ya kupeleka kitu Sabasaba, fikiri. Ukisimama kwenye banda pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, ukaeleza kwa kila mpita njia jinsi mfumo wako unavyofanya kazi, Ulaya kwa kawaida watakuambia uvumbuzi huo si mpya tena, na aliyeuvujisha ni wewe. Marekani wanakupa mwaka mmoja tangu ulipouonyesha mwenyewe. Peleka ombi kwanza, banda baadaye.

Hatua ya pili: panga tarehe kabla hujapanga hasira

Chukua daftari, au jedwali la kompyuta, uandike kila tukio na tarehe yake: siku ulipoandika mstari wa kwanza, siku ulipomwonyesha mtu wa nje, nani alikuwepo, ulisaini nini, walikujibu nini, huduma yao ilitoka lini. Mbele ya kila tukio andika ushahidi uko wapi. Tukio lisilo na ushahidi liweke alama nyekundu, lakini usilifute.

Sasa ushahidi wenyewe. Picha za skrini peke yake ni dhaifu, kwani kila mtu anajua zinavyotengenezwa. Hifadhi barua pepe zikiwa kamili na vichwa vyake vya kiufundi. Mazungumzo ya WhatsApp yahamishe nje kama faili, na simu yenyewe usiiuze wala kuiflashi. Historia ya Git, ile programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, ni nzuri lakini ina tundu: tarehe za ndani zinatoka kwenye saa ya kompyuta yako, na yeyote anaweza kuirudisha saa nyuma. Kumbukumbu ya seva ya GitHub au GitLab, tovuti za kuhifadhia msimbo, inayoonyesha lini ulipakia ina uzito zaidi kwa sababu haikuandikwa na wewe.

Njia ninayoitumia mimi ni hii. Nafunga folda nzima ya mradi kuwa faili moja, naipigia hesabu ya SHA-256, inanipa mstari wa herufi na tarakimu 64 ambao hubadilika kabisa ukigusa hata nukta moja ndani ya faili. Mstari huo nauchapa kwenye karatasi pamoja na maelezo mafupi ya mradi, napanda kwa Kamishna wa Viapo, naapa, anagonga muhuri na kuweka tarehe. Miaka mitano baadaye naweza kuonyesha kwamba faili hii ndiyo ile. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inairuhusu mahakama kupokea ushahidi wa kielektroniki, na katika kuupima inaangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na uadilifu wake. Muhuri ule haukupi haki yoyote mpya. Unathibitisha tarehe tu. Vivyo hivyo bahasha ya kujitumia mwenyewe kwa posta ambayo watu huniambia "inatosha kama hataza": haitoshi, wala haijawahi kutosha.

Upande wao, kusanya kinachoonekana hadharani: nunua huduma kama mteja, rekodi video ukiitumia, andika namba ya toleo, chapisha vigezo na masharti, hifadhi kurasa zao kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za wavuti, ili nakala iwe mikononi mwa mtu wa tatu. Usijaribu kuingia kwenye mfumo wao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa jinai, na nimeona mlalamikaji akigeuka mshtakiwa kwa "kucheki tu kidogo" ndani ya seva.

Hatua ya tatu: tafuta karatasi uliyosaini

Hapa ndipo mimi niliungua. Miaka iliyopita niliingia shindano la kampuni moja, nikajaza fomu mtandaoni, nikabonyeza "Nakubali" kama ninavyobonyeza kila siku. Nilipokwenda kulalamika walinitumia fomu yangu mwenyewe, kifungu kimepigwa rangi ya njano: mshiriki anakubali kwamba taarifa zote anazotoa si za siri, na kwamba kampuni inaweza kuwa tayari na miradi inayofanana. Mistari miwili. Nilikuwa nimeiuza siri yangu kwa fulana na chakula cha mchana.

Kwa hiyo tafuta fomu za mashindano, mikataba ya kutunza siri, mkataba wa ajira, mkataba wa ufadhili, na masharti ya kituo cha ubunifu ulichokaa. Mkataba wa ajira uusome kwa jicho kali: uvumbuzi unaofanywa ndani ya kazi uliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Kama uliandika mfumo wako usiku nyumbani Sinza lakini kwa laptopu ya ofisi, jiandae kuulizwa.

Na leseni ya programu huria, yaani masharti unayoyaweka unapouachia umma msimbo wako. Hili halitajwi sana, nami naona ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiweka msimbo wako hadharani chini ya leseni iitwayo Apache 2.0, umempa kila anayeutumia, kampuni kubwa ikiwemo, ruhusa ya hataza zako zinazohusu mchango huo, na ukimshtaki mtu kwamba kazi hiyo inakiuka hataza, wewe ndiye unapoteza ruhusa ya hataza uliyopewa. Toleo la tatu la leseni ya GPL lina mlango wa namna hiyo hiyo. Leseni ya MIT haitaji hataza kabisa, na mawakili wanabishana juu ya ukimya wake. Angalia faili la leseni kwenye hifadhi yako leo, siyo siku utakapolihitaji.

Hatua ya nne, kwa wenye hataza: soma madai neno kwa neno

Hataza ina michoro, maelezo marefu, na mwishoni madai yenye namba. Vita yote ni kwenye madai. Kichwa cha hataza kinaweza kusema "Mfumo wa malipo" na wewe ukadhani umemiliki malipo yote ya simu; dai namba moja ndilo linaloonyesha kiwanja chako kinaishia wapi.

Tuseme dai lako linasema hivi: njia ya kutuma malipo ambayo simu inahifadhi muamala wakati hakuna mtandao, simu inaupa muamala namba ya mfuatano, simu inapima nguvu ya mtandao kila baada ya muda, mtandao ukirudi, simu inatuma kwanza miamala yenye kiasi kikubwa, na seva inakataa muamala ambao namba yake imeshapokelewa.

Chora jedwali la safu mbili. Kushoto weka vipengele vitano, kimoja kimoja. Kulia andika mahali hasa ambapo huduma ya kampuni inafanya jambo hilo, na ushahidi: dakika ya video, ukurasa wa mwongozo wao, sentensi kwenye tovuti yao. Sasa fikia kipengele cha nne. Ukijaribu huduma yao unagundua wanatuma ya zamani kwanza, siyo kubwa kwanza. Umekwama. Vinne kati ya vitano si asilimia 80 ya ushindi; ni sifuri, kwa sababu kila kipengele lazima kiwepo. Mahakama za Marekani zinaweza kukubali kitu kisichofanana kwa maneno lakini kinachofanya kazi ile ile kwa njia ile ile. Lakini kama maneno ya "kiasi kikubwa kwanza" uliyaongeza wewe ili mchunguzi wa hataza akubali ombi lako, mlango huo kwa kawaida umeshaufunga mwenyewe.

Tuseme wanatuma kubwa kwanza. Bado. Nani anafanya kila kitendo? Vinne vinafanywa na simu ya mteja, cha tano kinafanywa na seva ya kampuni. Kwa dai la njia, lazima vitendo vyote viweze kubebeshwa mtu mmoja, na mteja wa Tandika si mfanyakazi wa kampuni. Na kama mteja yuko Tandika na seva iko Ireland, hataza yako ya Marekani inamshika nani? Anayekuandikia madai vizuri huyaandika kwa upande mmoja: yote yanayofanywa na simu peke yake, au yote yanayofanywa na seva peke yake. Ukiwa bado hujapeleka ombi, mwambie mwandishi wako wa hataza jambo hili kabla hajakutoza.

Hatua ya tano: ishambulie hataza yako kabla wao hawajaishambulia

Kampuni kubwa ikishtakiwa huwa haianzi kwa kusema "hatukutumia". Huanza kwa kusema "hataza hii haikupaswa kutolewa". Basi itangulie. Tafuta kwenye Espacenet, Patentscope na Google Patents, hifadhi za hataza za mtandaoni, zote bure, halafu tafuta pia miongozo ya zamani, makala za vyuo na video. Unatafuta kitu chochote kilichochapishwa kabla ya tarehe yako chenye vipengele vyako.

Kesi ya Eolas nairejea kila mara. Kampuni hii ndogo, pamoja na Chuo Kikuu cha California, ilikuwa na hataza juu ya kurasa za wavuti zinazoendesha programu ndani yake. Mwaka 2003 baraza la mahakama (raia wa kawaida wanaoamua kesi) liliwapa zaidi ya dola milioni 520 dhidi ya Microsoft, na baada ya miaka ya rufaa walimalizana nje ya mahakama mwaka 2007. Kisha wakazigeukia kampuni nyingine, zikiwemo Google na Amazon. Mwaka 2012, huko Tyler, Texas, Tim Berners-Lee aliyeanzisha wavuti alikuja kutoa ushahidi, kikaonyeshwa kivinjari cha zamani kiitwacho Viola, na baraza likasema madai ya hataza ni batili. Dai lililokuwa limeleta mamilioni likafa kwa sababu ya programu ya mwanafunzi mmoja.

Halafu kuna ukuta wa mwaka 2014. Katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa kauli moja kwamba kuchukua wazo la kidhahania na kuongeza "lifanywe na kompyuta" hakulifanyi kuwa uvumbuzi. Hataza nyingi za programu zimekufa hapo, mara nyingine mwanzoni kabisa mwa kesi. Ulaya wanauliza swali la karibu na hilo: programu yako inatatua tatizo la kiufundi, au tatizo la biashara? Jedwali langu la malipo hapo juu lina nafasi kwa sababu linahusu mtandao unaokatika. Lingekuwa linahusu kugawa kamisheni kwa mawakala, nisingelipotezea muda.

Na hata ukivuka hapo, tangu Septemba 2012 aliyeshtakiwa Marekani anaweza kwenda kwenye bodi ya Ofisi ya Hataza na kuomba madai yafutwe kwa machapisho ya zamani, ilimradi afanye hivyo ndani ya mwaka mmoja tangu alipofikishiwa mashtaka. Mbele ya bodi mzigo wa kuthibitisha ni mwepesi kuliko mahakamani. Mahakamani mzigo ulibaki mzito kutokana na kesi ya i4i, kampuni ndogo ya Toronto iliyoishtaki Microsoft kwa sehemu ya programu ya Word: mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilikataa kuulegeza, na fidia ya karibu dola milioni 290 ikasimama. Kwa hiyo wadogo hushinda. Ila i4i walikuwa na bidhaa sokoni, wateja, na karatasi za miaka mingi.

Fedha

Kesi ya hataza Marekani ikifika hadi hukumu hula mamilioni ya dola. Wapo mawakili wa kule wanaofanya kazi kwa asilimia ya kitakachopatikana, na wapo wafadhili wa kesi, lakini wote wanachagua kama mchuuzi anavyochagua nyanya Ilala: wanataka hataza isiyo na ufa na mauzo makubwa yanayokiuka. Wakiikataa kesi yako watatu, sikiliza.

Hatua ya sita: kama huna hataza, ahadi inaweza kukubeba

Nkosana Makate alikuwa mhasibu mwanafunzi Vodacom ya Afrika Kusini. Mwaka 2000 alitoa wazo la meseji ya bure ya kumwomba mtu akupigie, ile ambayo sote tuliitumia salio lilipokwisha. Hakuwa na hataza. Alichokuwa nacho ni ahadi: mkuu wa ubunifu wa bidhaa alikubali kwamba huduma ikifanikiwa atapewa mgawo. Huduma ikafanikiwa, mgawo haukuja. Alishindwa Mahakama Kuu mwaka 2014, akaendelea, na mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikasema makubaliano yale yanaibana kampuni na ikaiamuru ijadiliane naye kwa nia njema. Mwaka 2019 alipewa ofa ya randi milioni 47, akakataa. Mabishano yakaendelea mahakamani mpaka walipomalizana nje ya mahakama mwaka 2025.

Hukumu ile haizibani mahakama zetu, ingawa wakili anaweza kuitumia kushawishi. Ninachokutaka ukione ni muda. Mojawapo ya hoja kuu dhidi ya Makate ilikuwa kwamba amechelewa, na alinusurika kwa tafsiri ya sheria ya kwao. Hapa kwetu, Sheria ya Ukomo inakupa kwa kawaida miaka 6 kwa madai ya mkataba na miaka 3 kwa madai ya madhara yasiyo ya mkataba. Miaka 3 inaisha upesi ukiwa unasubiri "meneja atanirudia wiki ijayo".

Kwa hiyo ukiahidiwa kwa mdomo, jioni hiyo hiyo andika barua pepe: "Asante kwa kikao cha leo. Kama tulivyokubaliana, mfumo niliowaonyesha mtautumia baada ya kukubaliana malipo." Asipokanusha, umepata kitu. Akikanusha, umejua mapema.

Hatua ya saba: barua

Usianze na mtandao wa kijamii. Najua inavyowasha kidole. Ukiandika hadharani kwamba kampuni fulani ni wezi kabla hujathibitisha, umewapa kesi ya kashfa, na umewaambia mafundi wao wahariri nini leo usiku.

Barua ya kwanza iwe fupi na baridi, ipitie kwa wakili, iende kwa ofisi ya sheria ya kampuni na siyo kwa rafiki yako wa masoko. Mfano wa kiini chake:

"Tarehe fulani niliwasilisha kwenu mfumo ulioelezwa kwenye kiambatisho A, kwa masharti yaliyo kwenye kiambatisho B. Tarehe fulani mlitoa huduma yenye sifa zilizoorodheshwa kwenye kiambatisho C. Naomba kikao ndani ya siku 21 kujadili matumizi hayo. Naomba pia mhifadhi nyaraka na mawasiliano yote yanayohusu huduma hiyo."

Hakuna "mmeiba", hakuna kiasi cha fedha, hakuna kitisho. Kwa wenye hataza ya Marekani, kitisho kina mtego wake: kampuni uliyoitisha inaweza kukuwahi mahakamani, kwenye mahakama iliyoichagua yenyewe, kuomba itamkwe kwamba haikukiuka. Ukajikuta wewe ndiye unayekodi wakili ng'ambo kwa haraka.

Wakikubali kukaa, omba kwanza makubaliano ya kusimamisha saa ya ukomo wakati mnazungumza. Kisha usikimbilie kiasi kimoja kikubwa. Leseni ya kila mwaka, mkataba wa kuwaendeshea mfumo, au jina lako kwenye bidhaa pamoja na malipo, mara nyingi ni rahisi kwao kuidhinisha kuliko hundi inayofanana na kukiri kosa.

Na kama barua imekuja kwako

Hutokea pia: umetengeneza programu pale Mwenge, siku moja unapokea barua ya Kiingereza kizito kutoka kampuni ya nje ikisema umekiuka hataza yao. Usijibu usiku huo. Chukua namba ya hataza, itafute, uangalie mambo matatu: imesajiliwa nchi gani, ada za kuidumisha zimelipwa, na dai namba moja linasema nini. Kama haiko Tanzania, haipo BRELA wala ARIPO, na wewe huna wateja wala seva nje, barua hiyo ina sauti kubwa kuliko meno yake. Kama programu yako inapakuliwa Marekani, hesabu ni nyingine, na malalamiko kwa wenye duka la programu yanaweza kukuondoa sokoni kabla hakimu hajasikia jina lako.

Kijana wa folda ya bluu alinipigia baada ya wiki mbili. Alikuwa ameipata fomu ya shindano, kwenye barua pepe ya mwenzake aliyejaza kwa niaba yao. Kifungu cha siri kilikuwepo, na safari hii kilikuwa upande wake: kampuni iliahidi kutotumia mawasilisho bila makubaliano ya maandishi. Tulikaa tena pale pale, tukafungua rasimu ya barua yake, tukafuta neno "hataza" mara kumi na moja, na mahali pake tukaandika namba ya kifungu.